Je, Wajua? Mitungi Tisa ya Figo na Dawa Yenye Platinamu

Kwenye matatu ya 237 kutoka Thika, au ile ya 145 kutoka Ruiru, ukiangalia vizuri utamwona. Ana bahasha kubwa ya hudhurungi yenye picha za eksirei, kitabu cha kliniki kilichovikwa gazeti, na chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo hajaifungua. Kiu anayo. Lakini Barabara ya Thika anaijua pia: gari likikwama Githurai saa moja unusu asubuhi, nani atamwambia dereva asimame ili yeye akojoe? Kwa hiyo anaipakata chupa kama mtoto mpaka hospitali, ilhali daktari alimwambia aanze kunywa tangu jana jioni.

Wengine kama yeye hushukia Kahawa waelekee Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka 2019 na ambayo hutibu saratani kwa dawa na kwa mionzi. Wengine huendelea hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta. Dawa wanayokwenda kutiwa mara nyingi ni ile ile moja, nayo ina tabia ya kumfukuza mwizi huku ikikanyaga shamba la jirani. Jirani huyo ni figo. Haya hapa ni mambo niliyokusanya kuhusu ugomvi wao, mengine ya kustaajabisha, mengine ya kukufaa wewe au mtu wa nyumbani kwako.

Mitungi tisa kila siku

Mkazi wa Ruiru haelezwi mtungi ni nini. Mfereji ukikauka siku tatu, mkokoteni hupita mtaani na mitungi ya njano ya lita 20, na kila nyumba inajua mmoja humaliza siku ngapi. Chukua kipimo hicho uingie nacho mwilini. Figo zako mbili, kila moja kama ngumi, huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku. Hiyo ni mitungi tisa. Damu yenyewe haina maji kiasi hicho; sehemu yake ya majimaji ni kama lita tatu tu, kwa hiyo figo huichuja ile ile mara 60 hivi kati ya leo na kesho saa kama hii.

Kati ya mitungi hiyo tisa, mtu hukojoa lita moja na nusu, pengine mbili. Mengine yote hurudishwa mwilini pamoja na chumvi, sukari na madini yake. Urudishaji huo hufanyika katika mirija midogo mno, kama milioni moja kwa kila figo, na theluthi mbili ya kazi hufanywa na kipande cha mwanzo cha mrija. Seli za kipande hicho ndizo vibarua wa mwili. Zimejaa mitokondria, yaani majiko ya seli, na hazipumziki usiku wala mchana. Mkumbuke kibarua huyo tunapoendelea, maana ndiye anayeumia.

Madini ya kwenye ekzosi

Dawa yenyewe inaitwa sisplatini. Ina platinamu, madini ghali yanayochimbwa kwa wingi zaidi Afrika Kusini, yale yale yanayowekwa kwenye kifaa cha kusafisha moshi katika ekzosi za magari. Karibu theluthi mbili ya uzito wa sisplatini ni platinamu tupu. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hupewa miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili wake, mara moja kwa wiki, katika majuma anayopigwa mionzi. Ndiyo, mita ya mraba, kana kwamba unanunua zulia. Ndiyo maana nesi hapimi uzito peke yake, hupima na urefu, kisha hukokotoa ukubwa wa eneo la mwili. Mwenye mita 1.6 atapata miligramu 64, na humo platinamu ni kama miligramu 42. Weka punje mbili za mchele kiganjani: uzito unakaribiana na huo.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba dawa hii haikutafutwa na daktari yeyote. Mwitaliano Michele Peyrone aliitengeneza mwaka 1844, ikabaki ya wanakemia kwa zaidi ya miaka 120. Kisha mwaka 1965 Barnett Rosenberg, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan huko Marekani, alitaka kujua umeme unaathiri vipi bakteria wanapogawanyika. Akapitisha umeme kwenye chombo chao. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu, hadi mara 300 ya urefu wao wa kawaida, kama tambi. Baada ya kuchunguza sana aligundua kwamba umeme haukuwa na hatia. Vipande viwili vya platinamu vilivyopitisha umeme huo vilikuwa vikimomonyoka polepole na kuchanganyika na chumvi zilizokuwa majini, na mchanganyiko huo ndio uliowakomesha. Kama unazuia bakteria kugawanyika, akajiuliza, utafanya nini kwa saratani, ambayo kazi yake ni kugawanyika?

Marekani iliidhinisha sisplatini Desemba 1978. Saratani ya korodani, ambayo ikishasambaa ilikuwa hukumu ya kifo kwa vijana wa miaka ishirini na thelathini, leo ni miongoni mwa zile zinazopona vizuri kuliko zote. Platinamu yenyewe haiagi haraka. Watafiti wamepima damu za watu waliotibiwa kwa sisplatini wakakuta chembechembe zake hata baada ya miaka 20.

Wengi huingia, wachache hutoka

Mbona figo, na si goti au wengu?

Seli ya mrija wa figo ina milango iliyotengenezwa kwa protini, ya kuvuta taka kutoka kwenye damu ili zitupwe kwenye mkojo. Mmoja wa milango hiyo, ambao wanasayansi wameupa jina la OCT2, huiona sisplatini ikipita ukaidhania taka kama taka nyingine, ukaivuta ndani. Mlango wa upande wa pili, wa kuitoa kwenda kwenye mkojo, hauna kasi hiyo. Dereva wa Thika Road hahitaji mchoro hapa: magari yanaingia kwa njia nne na kutokea kwa moja. Dawa hurundikana ndani ya seli hadi kufika kama mara tano ya kiwango kilichomo kwenye damu.

Ndani kuna mtego mwingine. Kila chembe ya sisplatini imefungwa kwa kloridi mbili, na kloridi ni nusu ya chumvi ya mezani. Kwenye damu kloridi ni tele, kwa hiyo vifungo hivyo hukaa mahali pake na dawa hupita kwa upole. Ndani ya seli kloridi ni haba. Vifungo huachia, maji huchukua nafasi yake, na dawa huwa kali. Hunasa DNA, huvuruga mitokondria, na seli hufa. Ndivyo inavyoua saratani, na ndivyo inavyomuua kibarua wetu. Kati ya wagonjwa watatu hadi watano wanaopewa dawa hii, mmoja hivi huonyesha dalili za figo kuumia kwenye vipimo.

Figo nayo si ya kuonewa huruma tu. Seli za mrija zilizonusurika hugawanyika na kuziba mapengo ya wenzao waliokufa, na watu wengi hurudi katika hali yao au karibu nayo. Tatizo ni kurudia. Jeraha juu ya jeraha, juma baada ya juma, huacha kovu, na kovu halichuji chochote.

Dawa iliyookolewa na dripu

Sisplatini nusura itupwe. Wagonjwa wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitapika hadi kuishiwa nguvu, na figo zao ziliharibika kiasi cha madaktari kujiuliza kama inafaa kuendelea. Kilichoiokoa ni cha aibu kwa urahisi wake. Esteban Cvitkovic na wenzake katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, walijaribu kwanza kwa mbwa, kisha kwa watu: mjaze mgonjwa maji kwenye mshipa kabla ya dawa na baada yake, ongeza manitoli ya kusukuma mkojo, uone. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1977. Figo zilistahimili dozi ambazo zamani zingezimaliza. Siku hizi manitoli haitumiwi kila mahali, na wataalamu bado wanabishania faida yake, lakini maji hayabishaniwi.

Wala si maji matupu. Ni maji ya chumvi, gramu 9 kwa kila lita, sawa na kijiko kimoja na nusu cha chai. Maji hayo ya chumvi hufanya kazi mbili. Maji huharakisha dawa ipite kwenye mirija bila kuzurura, na kloridi ya chumvi huilinda isifungue vifungo vyake kabla ya wakati. Hii ndiyo sababu sisplatini haichanganywi na dripu ya sukari peke yake.

Nimewahi kukaa kando ya kitanda cha mtu wangu wa karibu wakati wa kazi hiyo. Mfuko wa kwanza wa maji ya chumvi ulitundikwa saa tatu kasoro. Dawa yenyewe ilikuja baadaye imefunikwa, kwa kuwa mwanga huiharibu. Na haiwekwi kwenye friji, maana baridi huigandisha ikawa vichembe. Sindano ya alumini nayo ni mwiko, kwani alumini hugombana na platinamu na kuacha masimbi. Sista alipita kila baada ya muda na swali lile lile.

"Mama, umekojoa mara ngapi?"

"Mara mbili, sista."

"Mwingi ama kidogo?"

Mama akacheka kwa haya, akaonyesha kwa vidole kipimo cha kikombe. Sista hakucheka. Aliandika. Alichotaka ni kama mililita 100 kila saa, yaani kikombe cha kahawa kila saa, na kikombe hicho kilikuwa na thamani kuliko chochote nilichokuwa nimebeba kwenye kikapu.

Kutapika kuna nafasi yake katika hesabu hii. Anayetapika mara sita usiku amepoteza sehemu ya maji aliyopewa mchana, na figo inabaki na dawa bila mto wa kuisafirisha. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu kama ondansetroni, vilivyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990, vilileta nafuu kwa tumbo, na kimyakimya vikawa walinzi wa figo. Usivirudishe nyumbani ukaviweka kabatini kwa sababu "sijasikia vibaya sana". Vinywe kama ulivyoandikiwa.

Mkojo mwingi hudanganya

Hapa ndipo wengi huteleza. Watu hudhani figo ikiumia mkojo hukatika. Kwa sisplatini kawaida haiwi hivyo: mgonjwa huendelea kukojoa, pengine zaidi ya zamani, kwa sababu kibarua aliyeumia hawezi tena kurudisha maji mwilini. Choo kinajaa, na figo iko taabani.

Anayesema kweli ni kipimo cha damu kiitwacho kreatinini, na hata yeye huchelewa. Kreatinini ni taka ya misuli. Figo ikilegea, hupanda. Lakini baada ya sisplatini huchukua siku kadhaa kupanda, na mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo kabla namba haijaruka nje ya mstari. Mtu mwembamba asiye na misuli mingi, kama wengi walivyo baada ya miezi ya ugonjwa, huwa na kreatinini ya chini hata figo ikiwa mbaya. Kwa hiyo kipimo cha kabla ya kila kikao, kile kinachomfanya mtu alalamike kwamba "juzi tu nilitolewa damu", hakifanywi kwa mazoea.

Kwa mwenye saratani ya mlango wa kizazi kuna jambo jingine. Uvimbe wenyewe, ukikua kuelekea pembeni, hubana mirija inayoteremsha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Baadhi ya akina mama hufika kliniki figo zikiwa zimeshavimba kwa kuzibwa, kabla hata tone la dawa halijaingia. Daktari akiahirisha sisplatini ili kwanza aweke kijirija cha kuzibua njia, hajazembea. Saratani hii huwapata wanawake zaidi ya 5,000 Kenya kila mwaka. Wanaoishi na virusi vya HIV wako katika hatari mara sita ya wengine, na katika dawa zao za kila siku, yaani ARV, mna tenofovir, ambayo nayo hupitia kwenye seli zile zile za mrija na inaweza kuzichosha. Ukificha ARV zako kwa daktari wa saratani, umemfungia macho.

Moyo wa sukuma wiki

Chuma jani la sukuma wiki. Ukijani wake umejengwa kuzunguka chembe moja ya magnesiamu, iliyokaa katikati kabisa kama moto kati ya mafiga. Sisplatini huifanya figo imwage magnesiamu kwenye mkojo, kwa sababu vibarua wa kuirudisha wamejeruhiwa. Mgonjwa huanza kukakamaa misuli ya miguu usiku, vidole hutetemeka, moyo hudunda ovyo. Potasiamu pia hushuka, na hapa pana kioja kinachowasumbua hata madaktari wachanga: unaweza kumpa mtu potasiamu mpaka uchoke, isipande, hadi urekebishe magnesiamu kwanza.

Kisha ikaonekana kwamba magnesiamu inaweza pia kuwa kinga. Ikipungua, seli za mrija huonekana kuvuta dawa nyingi zaidi. Ikijazwa kabla, huvuta kidogo. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliopitia rekodi za wagonjwa zaidi ya 13,000 katika vituo vitano ulikuta kwamba waliotiwa magnesiamu kwenye mshipa siku ya sisplatini walikuwa na hatari pungufu kwa takriban asilimia 20 ya figo kuumia ghafla. Ni madini ya bei nafuu, hayana hataza ya kampuni yoyote, na pengine ndiyo maana hujayasikia yakitangazwa redioni.

Je, ule sukuma, terere, maharagwe, njugu na parachichi? Kula, ni vyakula vizuri na Thika haikosi parachichi. Ila usidhani sahani itajaza pengo lililofunguliwa na sisplatini, wala usinunue vidonge vya magnesiamu dukani ukajipimia. Figo iliyolegea hushindwa kuitoa ile ya ziada.

Jeshi na studio ya picha

Wakati wa Vita Baridi, jeshi la Marekani liliogopa bomu la nyuklia. Maabara zake za Walter Reed zilipima kemikali zaidi ya 4,000 zikitafuta moja ambayo askari angeimeza ili mionzi isimwue. Bora kati ya hizo ilikuja kuitwa amifostini. Vita vile havikuja, na mwaka 1995 dawa ya askari iliidhinishwa kulinda figo za wagonjwa wa saratani wanaopewa sisplatini. Ilifanya kazi, lakini ilishusha presha, ilitapisha, na bei yake ilikuwa juu. Leo ni nadra kuitumia kwa kazi hiyo.

Nyingine ni sodiamu thiosalfeti. Waliowahi kufanya kazi kwenye vyumba vya giza vya studio za picha wanaijua kwa jina lingine: ni ile chumvi ya kuigandisha picha nyeusi na nyeupe isififie. Ni dawa ya sumu ya sianidi pia. Na kwa kuwa hupenda kuikumbatia platinamu, mwaka 2022 Marekani iliidhinisha itumike kwa watoto wanaotibiwa kwa sisplatini, ili wasipoteze kusikia, maana sisplatini hushambulia masikio kwa njia inayofanana na ile ya figo. Hutiwa saa sita baada ya dawa. Kwa nini wasiitie pamoja? Kwa sababu ingeikumbatia platinamu yote, ikiwemo ile iliyotumwa kwa saratani.

Huo ndio ugumu wa kazi hii yote. Kuzuia sisplatini si shida hata kidogo. Shida ni kuizuia ikiwa kwenye figo na kuiacha huru ikiwa kwenye uvimbe, na mwili hauna ukuta kati ya hapa na pale.

Ndugu asiyegombana na figo

Njia nyingine ni kubadilisha dawa yenyewe. Wanasayansi wa London waliondoa zile kloridi mbili zinazoachia haraka, wakaweka kifungo kigumu zaidi, na ikazaliwa kaboplatini, iliyoidhinishwa Uingereza mwaka 1986. Figo huivumilia vizuri zaidi, ingawa hulemea uboho unaotengeneza chembe za damu. Dozi yake haikokotolewi kwa mita za mraba. Mwaka 1989 Hilary Calvert na wenzake walitoa kanuni fupi: chukua kasi ya figo kuchuja, ongeza 25, zidisha kwa kiwango unachotaka. Yaani figo yenyewe ndiyo inayomwambia daktari atie kiasi gani. Kwa baadhi ya saratani kaboplatini hutosha. Kwa nyingine, kama ile ya korodani, sisplatini bado ndiyo bora, na daktari hawezi kuibadilisha tu kwa sababu mgonjwa amesikia habari za ndugu yake.

Uvimbe unapokufa haraka mno

Afrika Mashariki ina ukurasa wake katika hadithi hii. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, wa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakazunguka hospitali za Kenya, Tanganyika na kwingineko hadi kusini mwa bara, maili 10,000 kwa wiki kumi, wakiuliza uvimbe huo uko wapi na wapi hauko. Burkitt huko Kampala, na Peter Clifford hapa Nairobi, walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kuona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa dawa pekee.

Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo dawa ikiupiga, hufa kwa kasi ile ile, na mizoga ya seli humwaga asidi ya yuriki, potasiamu na fosfeti kwenye damu kwa pamoja. Asidi hiyo huganda kama mchanga ndani ya mirija ya figo na kuiziba. Mtoto ambaye uvimbe wake umenywea asubuhi anaweza kufikishwa kwenye dialisisi jioni. Kinga yake ni maji kwa wingi na aloprinoli, kidonge kile kile anachopewa mzee mwenye jongo. Gertrude Elion na George Hitchings, waliokitengeneza, walikuwa wakitafuta namna ya kurefusha nguvu ya dawa ya leukemia; kinga ya figo ilikuja kama nyongeza. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Panya hapandi matatu

Ukitafuta habari za kulinda figo dhidi ya sisplatini utakutana na rundo la tafiti za mimea: habasoda, manjano, mlonge, komamanga, rosela. Nyingi zinasema mmea uliisaidia figo. Soma mistari ya chini. Ni figo ya panya, kijana, mzima, asiye na saratani, aliyelishwa dondoo hilo siku kadhaa kabla ya kupigwa dozi moja kubwa. Abiria wetu wa 237 ana miaka 52, ana presha, ana uvimbe, na atapewa dozi tano au sita. Hakuna hata mmoja wa mimea hiyo ambao umethibitishwa kwa watu kiasi cha kuingizwa kwenye matibabu ya kawaida. Tena, mmea unaolinda seli za figo unaweza kulinda na seli za saratani, na panya yule hakuwa na saratani ya kutuonyesha hilo.

Simdharau mganga. Ninachoogopa ni chupa isiyo na lebo. Mimea ya jamii ya Aristolochia iliharibu figo za wanawake wa Ubelgiji waliopewa vidonge vya kupunguza unene mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Birimbi, tunda tunalolipenda Pwani kwenye achari, likinywewa kama juisi nzito lina oksalati nyingi kiasi cha kuziba mirija ya figo. Mambo hayo yameripotiwa India. Na adui wa kawaida zaidi wala hatoki msituni. Anauzwa kwenye kila duka la dawa kati ya Kahawa na Makongeni: diklofenaki na brufeni. Vidonge hivyo hubana mishipa inayoipelekea figo damu. Kwa mtu aliyetapika usiku kucha baada ya sisplatini, kimoja cha "kutuliza mgongo" kinaweza kuwa tone la mwisho. Mwulize daktari kwanza. Mara nyingi atakuambia parasetamoli inatosha.

Kabla ya kikao kijacho

Figo zikishindwa kabisa, kinachofuata ni mashine. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia kipindi kimoja cha dialisisi kwa shilingi 10,650, na mgonjwa huhitaji viwili au zaidi kila wiki. Mfuko wa maji ya chumvi ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Basi wewe unayesafiri wiki ijayo: mwambie daktari kila kidonge unachomeza, cha ARV, cha presha, cha mgongo, na hata kile cha kwenye chupa isiyo na jina. Mwulize sista mambo mawili kabla hajatundika dawa: "Kreatinini yangu ni ngapi leo? Na magnesiamu?" Ukitapika kwa siku nzima, au ukashindwa kunywa maji, usingoje tarehe ya kliniki, piga simu au rudi. Na kama kinachokuzuia kunywa ni foleni, panda gari la mapema, ufike, uone choo kilipo, kisha ifungue hiyo chupa.

Nawe kondakta wa 237, mama mwenye bahasha ya hudhurungi akikuomba usimamishe gari penye kituo cha mafuta, simamisha.